Mji Alioutoa Bimkubwa

Kabla hujanicheka, ijue kwanza kazi yangu. Mimi napima macho ya watu. Nina duka la miwani hapa Maskati, na tangu asubuhi mpaka jioni watu wananiambia wameona hiki na kile: kitu kimoja wanakiona viwili, nzi weusi wanaelea hewani, taa zina duara la rangi pembeni. Kila kimoja kina sababu yake, na mimi ndiye ninayewaeleza sababu. Kwa hiyo nikikwambia kuna kitu nilikiona mwaka juzi, mwezi wa Shaaban, nikiwa mzima na miwani yangu usoni, nisikilize kama ninavyokusikiliza wewe unapokuja dukani kwangu na malalamiko yako.

Wala halikuwa jambo la usiku wa manane. Isha ilikuwa haijaadhiniwa. Magari yalikuwa yanapita barabarani, na mtu mmoja hapo karibu alikuwa anachoma mishikaki. Wallahi, harufu ile ya mishikaki ndiyo inayonifanya niamini zaidi kwamba sikuota. Nani anaota harufu ya mishikaki?

Mwenye kisa hasa ni mama yangu. Sisi nyumbani tunamwita Bimkubwa, na ungekaa naye dakika tano wakati ule ungejua mambo mawili: kwamba alizaliwa Unguja, na kwamba Unguja hakuna mfano wake. Aliondoka msichana, hakurudi tena, lakini ilikuwa haipiti siku bila kuitaja. Nyumba yao ilikuwa Kiponda, ghorofa ya pili. Baba yake alikuwa fundi wa saa, na saa zote zilizoletwa kutengenezwa ziligonga kila moja kwa wakati wake, nyumba nzima kelele. Dirisha lao lilitazamana na la jirani, Bi Zuwena, na kichochoro kilikuwa chembamba kiasi kwamba Bi Zuwena akiishiwa na sukari walimpitishia kwenye mwiko mrefu wa kupikia pilau. Mambo haya nimeyasikia tangu nanyonya. Nilikuwa namtania: "Bimkubwa, leo sukari imefika salama?" Naye ananiambia, "We cheka tu. Ungemuona Bi Zuwena ungenyamaza."

Kitu kimoja kingine, na hiki kiweke akilini. Ngazi ya nyumba ile ya Kiponda ilikuwa na daraja moja bovu, la tatu kutoka juu, na watoto walifundishwa kuliruka. Bimkubwa aliliruka maisha yake yote. Ngazi yoyote ile, ya hospitali, ya benki, ya nyumba yetu hapa Bawshar ambayo ni ya marumaru na haina ubovu wowote, akifika la tatu kutoka juu anashika ukuta, ananyanyua mguu, anaruka. Magoti yanamuuma, lakini anaruka. Ukimuuliza kwa nini, anakasirika, anasema mguu unajua wenyewe.

Sasa, kuhusu Wachina. Fremu zangu za miwani naletewa na mwanamke mmoja wa Kichina anaitwa Lin, anakaa Mawaleh na mumewe na binti yao mdogo. Tumefanya kazi miaka mingi, tukawa marafiki. Anazungumza Kiarabu cha sokoni, cha kupatana bei, lakini kinatosha. Mwaka ule alinialika nyumbani kwake kwenye sikukuu yao ya taa. Mwaka mpya wao unaanza mwezi mwandamo kama mwezi wetu sisi, na siku ya kumi na tano, mwezi ukijaa, wanawasha taa na ndiyo wanamaliza sikukuu. Mwaka ule ukaangukia katikati ya Shaaban. Bimkubwa aliposikia akasema, "Mwezi wao na wetu mmoja, basi nnakwenda."

Nilikuwa na wasiwasi wa kumwacha binti yangu Ruqaya peke yake. Alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza, na miguu imemvimba. Mumewe alikuwa kazini Salala. Ruqaya mwenyewe akatufukuza, akasema tunamchosha kwa kumuuliza kila saa kama mtoto anacheza. Tukamwacha kwenye sofa pale Bawshar, tukaondoka kabla ya Magharibi.

Nyumba ya Lin iko ng'ambo ya wadi, lile bonde la mto mkavu, na juu yake kuna daraja la watu wa miguu. Lin alitutaka tuegeshe gari upande wa huku tuvuke kwa miguu. Nikadhani ni kwa sababu ya nafasi. Kumbe ni mila. Alikuja kutupokea darajani mwenyewe, akamshikisha Bimkubwa taa ya karatasi nyekundu yenye kijiti, akatueleza: kwao, usiku wa taa, wanawake hutoka wakavuka madaraja. Ukivuka, maradhi yako unayaacha kule ulikotoka. Bimkubwa akauliza kama na magoti yamo. Lin akasema magoti ndiyo khasa.

"Lakini usirudi kwa daraja lile lile," akasema Lin. "Uliyoyaacha bado yatakuwa yapo pale."

Nilimtafsiria Bimkubwa, akacheka, akavuka na taa yake ameinua juu kama bibi harusi anayesindikizwa. Nilimpiga picha. Ninayo mpaka leo.

Ilikuwa shughuli nzuri, sitaki uifikirie vibaya. Uani kulikuwa na taa kila mahali, za mviringo, za umbo la samaki, na binti wa Lin alikuwa na taa ya sungura yenye magurudumu, anaivuta kwa kamba huku na huku. Tulipewa bakuli za vidonge vyeupe vya unga wa mchele vilivyochemshwa, ndani vina ufuta uliosagwa na sukari. Lin aliniapia kwamba kwa ajili yetu ametia samli, si mafuta ya nguruwe. Vinaliwa siku ile kwa sababu ni mviringo, na mviringo kwao maana yake ni familia kuwa pamoja, hakuna aliyepungua. Bimkubwa akavila, akasema ni kaimati zilizosahau kukaangwa, akaongezwa bakuli la pili.

Halafu vikaja vitendawili. Hii nayo ni mila yao: kwenye kila taa wanabandika kikaratasi chenye kitendawili, ukijua jibu unakibandua unakipeleka kwa mwenyeji, unapata zawadi. Lin alikuwa anasoma kwa Kichina, ananiambia kwa Kiarabu, mimi nampa Bimkubwa kwa Kiswahili, na Bimkubwa anajibu kabla sijafika mwisho.

"Nyumba ya karatasi, mgeni wake moto, na nyumba haiungui."

"Si hii hii mliyonishikisha?" akasema, akiinua taa yake.

Alishinda sanduku la chai, kipepeo cha karatasi na paketi ya karanga. Kichwa kikamvimba. Akamwambia Lin sasa ni zamu yake, hata Waswahili wana vitendawili. Akamfundisha: mimi nikisema "Kitendawili," wewe sema "Tega." Lin akasema "Tega" vizuri tu.

"Wawili wamepanda mlima, wanatazama na hawaoni."

Lin alifikiri, wageni wote wakafikiri, wakashindwa.

"Basi nipe mji," akasema Bimkubwa.

Ikabidi nieleze. Labda na wewe hukukulia kwenye mchezo huu, basi nakueleza pia. Kwetu, ukishindwa kitendawili, hupewi jibu bure. Unampa aliyetega mji. Unautaja, naye ana haki ya kuukataa, na wewe unataja mwingine, mpaka aridhike. Akiridhika anasema nimekwenda mji huo, nimefanya hili na lile, halafu ndiyo anatoa jibu. Na mji ukishatolewa haurudishwi. Tulipokuwa watoto mtu alikuwa analala na Mombasa, Kairo na Bombei zote zake.

Lin akampa Maskati. Bimkubwa akasema hiyo anayo. Lin akafikiri kidogo akampa mji wao aliozaliwa, jina ambalo Bimkubwa hakuweza kulitamka. Akaukubali hivyo hivyo.

"Nimekwenda mji wake, nimepokewa, nimevuka madaraja yote, nimekula vidonge mpaka nimevimbiwa, nimekuta watu wote wamevaa miwani. Jibu ni miwani!"

Lin, muuza fremu, akajipiga kofi kwenye paji la uso. Watu wakacheka mpaka machozi. Sijamuona Bimkubwa na furaha kama ile tangu baba alipofariki.

Basi, tukataka kuondoka. Bimkubwa alitaka kusalia Isha nyumbani na mimi nilitaka kumuona Ruqaya. Lin akasema mumewe atatupeleka kwa gari tuzunguke kwa barabara kuu, tusirudi darajani. Lakini gari lake lilikuwa limezibwa na magari ya wageni, na kila mwenye gari alikuwa ndani anakula. Tulisimama pale, tukasubiri. Bimkubwa akachoka kusimama.

"Daraja ni daraja," akasema. "Gari letu lile pale nnaliona."

Lin hakucheka. Akamwambia angalau achukue taa. Lakini taa yake Bimkubwa alikuwa ameshampa binti wa Lin, maana ya sungura ilikuwa imekwisha betri na mtoto analia. Akasema mtoto aachiwe. Tukaagana, tukaenda.

Mwezi ulikuwa umejaa, taa za barabarani zinawaka, daraja linaonekana mwanzo mpaka mwisho. Hapakuwa na mtu. Nakuhakikishia hilo, mimi nilitazama, maana nilikuwa namshika mkono nisije nikamgonganisha na mtu. Tulipofika katikati alikuwepo.

Mwanamke, ameegemea chuma cha daraja, amevaa buibui. Si abaya hizi tunazovaa. Buibui la zamani la Unguja, lile la kufunga kwa kamba utosini, ambalo mimi nililiona kwenye picha tu za harusi ya bibi yangu. Mkononi ana taa ya karatasi nyekundu kama zile za kwa Lin. Nikasema moyoni, huyu mgeni wa Lin, amevaa nguo ya kale kwa ajili ya shughuli. Bimkubwa yeye alishafurahi. Alivuta hatua.

"Assalaam alaykum! Buibui kama hili nimeliona mwisho Kiponda. Wewe mtoto wa nani?"

Hakuitikia salamu. Hiyo ilikuwa ishara ya kwanza, na Bimkubwa anasimama kama kawaida yake, anasubiri aitikiwe. Mtu mwenye buibui la Unguja asiyejua kuitikia salamu!

Yule mwanamke akasema, kwa Kiswahili cha kwetu kabisa, "Kitendawili."

"Tega," akasema Bimkubwa.

Hapo ndipo tulipokosea. Lakini niambie kweli, wewe ungefanya nini? Angekuwa Lin asingejibu. Angekuwa Mhindi wa dukani angepita zake. Hata binamu zetu wa Nizwa, waliolelewa kwa Kiarabu kitupu, wangemtazama tu. Ni sisi tuliolelewa kwa Kiswahili ambao ulimi unajibu kabla ya kichwa. Mimi mwenyewe midomo ilikuwa imeshafunguka.

"Nnacho kila nnapokwenda," akasema yule mwanamke. "Sikibebi kichwani wala mkononi. Nikiulizwa kiko wapi, naonesha nyuma."

Bimkubwa akasema kivuli. Akaambiwa siyo. Akasema kisogo, akasema mgongo. Siyo. Alikuwa bado anatabasamu. Mimi ndipo nikamtazama yule mwanamke usoni, kwa mazoea tu ya kazi, maana mimi mtu namtazama macho kwanza. Na sasa nakwambia kitu ambacho unaweza kukijaribu wewe mwenyewe leo nyumbani. Simama mbele ya kioo na taa. Juu ya mboni ya jicho lako utaona nukta ya mwanga. Kila jicho linayo. La mtoto mchanga linayo, la kipofu linayo, hata jicho la kioo analowekewa mtu aliyepoteza lake linayo, maana kitu kilowevu au cha kung'aa lazima kirudishe mwanga. Yule taa ilikuwa chini ya kidevu chake kabisa, inamwangaza uso mzima mpaka kope. Machoni hakuna nukta. Meusi, makavu, mwanga unaingia na hautoki.

Nikamvuta Bimkubwa mkono tuondoke. Hakusogea.

"Umeshindwa," akasema. "Nipe mji."

Bimkubwa akampa Sidab, kijiji cha wavuvi hapa Maskati.

"Sitaki. Hujapata kuulilia hata siku moja."

Bimkubwa akampa Qurayyat.

"Wa mumeo. Keshauchukua, kalala nao."

Baba yangu amezikwa Qurayyat. Nani alimwambia? Tabasamu la Bimkubwa likaondoka. Akaona, sasa, kwamba huu si mchezo. Na yule mwanamke akageuza uso, akanitazama mimi.

"Wewe binti. Nipe wewe. Nipe mji wenu."

Neno lilikuwa mdomoni. Nilitaka yaishe, twende zetu, nami mji wetu ni upi kama si ule tunaokaa? Nilikuwa nasema Bawshar. Nilikuwa nimeshafikia herufi ya kwanza. Bimkubwa akanikamata mkono akanibana kwa kucha mpaka damu ikatoka. Alama ipo hapa, chini ya saa.

"Mtoto mwache," akasema. "Kitendawili nimetegewa mie. Nnakupa Unguja."

Yule mwanamke akamgeukia taratibu.

"Yote?"

"Yote. Chukua."

"Nimekwenda Unguja," akaanza, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayehadithia safari. "Nimepita Kiponda. Nimepanda ngazi, nimeruka daraja la tatu kutoka juu. Nimekuta saa zinagonga, kila moja kwa wakati wake. Nimekaa dirishani, Bi Zuwena kaniomba sukari, nimempa kwa mwiko."

Mambo haya nani kamwambia? Na kila alipotaja kimoja, mkono wa Bimkubwa ndani ya mkono wangu ulilegea kidogo. Nilimwangalia. Alikuwa anamsikiliza kwa makini sana, kama mtu anayesikiliza hadithi nzuri kwa mara ya kwanza.

"Na jibu," akasema yule mwanamke, "ni kwetu."

Akatupita. Alikwenda kule tulikotoka, na taa yake, hatua hazina mlio. Wakati huo huo msikiti ukaadhini Isha. Adhana ilipokwisha daraja lilikuwa tupu.

Sikumbuki nilivyomfikisha garini. Nakumbuka nimewasha injini, na Bimkubwa amekaa anaangalia vidole vyake. Halafu akasema:

"Ulimuona macho?"

"Nilimuona, Bimkubwa."

"Alikuwa anataka mji wenye mtoto. Ruqaya yuko Bawshar. Sikutaka umtajie Bawshar."

Nikaanza kulia. Nikamwambia asante mama yangu. Akanipapasa mgongo.

"Usilie. Nimempa kitu kingine badala yake. Nnachokipenda sana." Akafikiri. "Kilikuwa nini hata?"

Tulipofika nyumbani nilimpandisha juu kumlaza. Nilikuwa nyuma yake. Alipanda moja moja, akishika ukuta, na alipofika daraja la tatu kutoka juu alilikanyaga kama mengine, akaendelea. Nilibaki nimesimama pale ngazini. Ruqaya alinikuta hapo, akaniuliza kuna nini, nikamrudisha kwenye sofa.

Asubuhi nilimtega kwa makusudi. Nikamuuliza, "Bimkubwa, leo sukari imefika salama kwa Bi Zuwena?" Akanitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba. Akaniuliza Bi Zuwena ndiyo nani, jirani mpya?

Nilimpeleka kwa daktari. Alimpiga picha za kichwa, akamuuliza maswali mengi, siku ya leo, mwezi, majina ya watoto, akayajibu yote na kumsahihisha daktari tarehe ya Kiislamu. Anakumbuka Maskati yote, harusi yake, kifo cha baba, bei za samaki. Daktari akasema ni umri, unachukua unachotaka. Nikamuuliza umri gani unachukua kisiwa kimoja tu na kuacha kila kitu kingine. Akasema mambo ya ubongo yana maajabu. Sikubishana naye. Na mimi nimeshawaambia wateja wangu hivyo hivyo, wakati sijui.

Nilikwenda kwa Lin pia. Nilimuuliza kama kwenye wageni wake kulikuwa na mwanamke wa Kiswahili. Hakukuwa. Halafu nikamuuliza, kwa woga, kama bado anakumbuka mji wao, ule aliompa Bimkubwa. Alicheka, akanionesha simu yake, picha ya mama yake amesimama mlangoni kwao, na akanitajia maduka yote ya mtaani. Wa kwake ulikuwa mchezo. Nilipomsimulia kilichotokea hakucheka tena. Akaniambia kwamba bibi yake alikuwa haruhusu mtu kurudi darajani siku ile hata kama nyumba inaungua, na yeye alidhani ni ukali wa wazee tu.

Ruqaya alijifungua mwezi uliofuata, mtoto wa kike, mzima, mzito, ana sauti ya kuamsha mtaa. Sasa anatembea. Anapanda ngazi kwa makalio. Bimkubwa anampenda kuliko sisi wote, na kuna siku nawaangalia wawili hao sebuleni na nasema alhamdulillahi, sitaki kingine. Halafu simu ya Bimkubwa inalia. Ni lile kundi lake la wanawake wa Unguja, wanatumiana sauti, fulani kaumwa, fulani unakumbuka siku ile ya mvua pale sokoni Darajani. Zamani alikuwa anawajibu mpaka usiku. Sasa anasikiliza kidogo, ananipa simu, anasema, "Hawa wamekosea nambari."

Kiswahili chake ni kile kile, cha Kiponda, nnakwenda na nnataka. Siku moja nilimuuliza Kiswahili hiki amekipata wapi. Akasema si cha kwetu? Nikamwambia kwetu wapi, Bimkubwa? Akafungua mdomo. Aliinua mkono na kidole chake kikaonesha nyuma yake, ukutani, na ukuta hauna kitu. Akaushusha. Sijamuuliza tena.

Kwa hiyo sasa Unguja ninayo mimi, ambaye sikuzaliwa huko wala sijakanyaga. Usiku kabla hajalala namhadithia. Saa za baba yake, dirisha, mwiko. Najua ninakosea mahali. Zamani nikikosea alikuwa ananikatiza kwa hasira: "Hapana, mwiko ulikuwa wa mti wa mfenesi, na aliyekuwa anaupitisha ni mdogo wangu." Sasa nikikosea hakuna wa kunisahihisha. Na ile ngazi yetu, la tatu kutoka juu, naliruka mimi. Wanangu wananicheka.

Huu ndio ushauri wangu, na wewe uuchukue au uuache. Ukivuka daraja usiku wa taa, rudi kwa njia nyingine, hata kama unaliona gari lako. Ukimsalimia mtu asikuitikie, usikae kungoja neno la pili. Mtazame machoni, itafute ile nukta. Usipoiona, akisema kitendawili, jiume ulimi. Na kama umeshasema tega, basi uwe unajua kabla hujafungua mdomo ni mji gani utautoa, maana atakuuliza, na atakataa, na atauliza tena mpaka afike pale panapouma.

Bimkubwa alijua. Jana nilimhadithia tena, mpaka mwisho, mpaka siku walipofunga mlango wa nyumba na kuondoka. Alisikiliza mikono iko kifuani.

"Mji mzuri sana huo," akasema. "Wenyewe waliuachaje?"

Nikamwambia walikuwa na kitukuu njiani.

Akatikisa kichwa kukubali, akageukia ukuta alale. "Basi," akasema, "walifanya vizuri."